Mkono wa Kushoto Juu

Asubuhi ile Sang-gil alikula wali wake amesimama, akavaa soksi jozi mbili kwa sababu ya baridi, akaenda kumsaidia mama yake kuchuma matofaa ya mwisho. Mal-sun hakwenda naye. Tangu waoane hakuwahi kualikwa kwenye shamba lile. Alibaki mgahawani kwake, mjini Yeongju, akikanda unga wa tambi, na kabla wateja wa mchana hawajaanza kuingia, wifi yake Sang-ran akapiga simu.

"Wifi, kaka kaanguka shambani. Moyo. Tumemfikisha hospitali, lakini..."

Hakumaliza. Mal-sun alizima jiko, akafunika unga kwa kitambaa kibichi, kana kwamba angerudi kuukata baadaye.

Alipofika ukumbi wa msiba, ukoo wa Pyo, watu wa mumewe, ulikuwa umeshapanga kila kitu. Ubani ulikuwa unafuka, maua meupe yamewekwa, na picha waliyoichagua ilikuwa ya zamani, kabla Sang-gil hajamjua. Kesho yake, walipokwisha kuvaa nguo za msiba, ikafika zamu ya kumwinamia marehemu kwa kupiga magoti hadi sakafuni. Ndugu walijipanga mbele ya picha. Mal-sun naye akasogea.

"Njoo ukae hapa, dada," Mama Sang-gil alimwita. Alikuwa ameketi sakafuni pamoja na wazee, na kwa kiganja akaupigapiga mto mtupu kando yake. "Mkubwa hamwinamii aliye mdogo kwake. Mimi simwinamii mwanangu, na wewe umemzidi miaka kumi na minne. Yapumzishe hayo magoti."

Aliyasema kwa upole, na upole huo ndio uliouma. Kuupinga ilikuwa kama kukataa heshima. Lakini Mal-sun alijua maana ya mto ule. Watu wa Pyo walikuja kutoka vijiji vyote vya jirani, na wangetazama nani anainama na nani amekaa. Akikaa pale, basi kwao angekuwa mwanamke mtu mzima aliyekuja kutoa pole, hata kama cheti cha ndoa kingesema vingine. Halafu lile neno, dada. Sang-gil alimwita hivyo tangu siku ya kwanza, kama vijana wanavyomwita mpenzi aliyewazidi umri, na hata baada ya ndoa hakuacha. Sasa mama yake alikuwa amelichukua akaligeuza.

Hayo hayakuwa mapya. Wakati wa uchumba, Mama Sang-gil alisema mbele za watu, "Huyu aniite mama kwa lipi? Tungekutana shuleni angeniazima kifutio." Mal-sun aliposimuliwa alicheka, kisha akajifungia chooni. Sang-gil akagonga mlango. "Dada, toka bwana. Mimi ndiye nitakayezeeka kwanza, upara huu hapa, njoo uushike."

"Asante, Mama," Mal-sun alisema bila kuukalia ule mto. "Lakini mimi si mkubwa wake. Mimi ni mke wake."

"Hesabu haibadiliki kwa sababu mtu kafa."

"Hakuoa hesabu, Mama."

Baba mdogo wa marehemu alikohoa. "Jamani, supu inapoa huko," alisema.

Mal-sun alisimama mbele ya picha. Mjini siku hizi wanawake huinama mara mbili tu, lakini kwa ukoo wa Pyo bado ilikuwa nne. Magoti yake yalikuwa yamechoka kwa miaka ya kusimama jikoni. Akaweka mkono wa kulia juu ya wa kushoto, kama alivyofanya siku ya harusi, akaanza kushuka.

"Kushoto!" Mama Sang-gil alikuwa ameinuka nusu kutoka kwenye mto. "Kushoto juu! Huu ni msiba, si harusi. Hukufundishwa?"

"Sikufundishwa, Mama. Nifundishe."

Mgeni akikosea mikono watu hutazama pembeni. Anayekemewa ni mkaza mwana. Mama Sang-gil alilijua hilo kuliko wote, na maneno yalikuwa yameshamtoka.

Mal-sun aligeuza mikono. Akashuka mara ya kwanza, akainuka. Mara ya pili. Ya tatu goti lilialika kwa sauti, na Sang-ran akapiga hatua kumwendea.

"Niache, wifi."

"Mbili zinatosha siku hizi," Mama Sang-gil alisema.

"Kwenu ni nne."

"Ni nne," mama mkwe akakubali kwa hasira. "Haya, maliza basi."

Ya nne ilimchukua muda mrefu. Alijisukuma kwa kiganja sakafuni hadi akasimama, kisha akaenda kwenye mstari wa wafiwa, kando ya Sang-ran, na hapo akapokea pole mpaka siku ya mazishi. Binamu mmoja kutoka Daegu aliuliza yule mama ni nani.

"Una macho ya nini?" Mama Sang-gil alimjibu. "Nani mwingine angesimama pale?"

Siku hizi ibada ya kumkumbuka Sang-gil hufanyika kwa Mal-sun, ghorofani juu ya mgahawa, na yeye ndiye anayepika. Mama mkwe huja kwa basi, huonja supu, husema chumvi imezidi. Mwaka huu ibada inaangukia Alhamisi, na mgahawa utafungwa.