Chaneli ya Kumi na Tatu

Mtandao wa nyumbani kwao haukuwemo. Fakhria aliipitia tena orodha ya waifai kwenye kompyuta, kutoka juu hadi chini, kama anavyopitia madaftari ya wanafunzi. Waifai ya duka la dawa ilikuwepo. Ya Alnoor, muuza vipuri wa ng'ambo ya barabara, ilikuwepo, hata ya nyumba ya nyuma ambayo hakuwahi kujua kama ipo. Yao tu, inayotoka kwenye rauta iliyowekwa ghorofani, juu ya kichwa chake, ndiyo haikuonekana.

Kompyuta aliibadilisha mfumo Jumatatu. Ilikuwa na Windows ya zamani, na ukurasa wa usaili uliikataa. Windows mpya nayo haikuweza kuibeba. Akaifuta, akaweka Linux. Ikafunguka haraka, sauti ikatoka, kamera ikamwonyesha uso wake. Waifai ndiyo ikagoma.

Usaili ulikuwa Jumamosi asubuhi. Kampuni moja ya Dar es Salaam ilitafuta wahakiki wa takwimu za hospitali, kila mmoja afanyie kazi alipo. Masharti yalikuwa wazi: kamera iwe wazi muda wote, mtandao uwe wa nyumbani, na simu isiwepo chumbani. Shule ya binafsi ya Nguvumali alikofundisha hisabati ilikuwa inafungwa mwisho wa muhula. Akikosa kazi hii angehamia Dar kutafuta nyingine, na mama yake, Bi Bayan, alikwisha kusema kwamba yeye Dar hendi, atazikwa Tanga.

"Amekufungia," Bi Bayan alisema siku ya kwanza, bila kuulizwa.

Alimkusudia Ami Mohsin, ndugu wa marehemu baba yake Fakhria, aliyekaa ghorofani na mkewe, Mama Hisham. Ami Mohsin alitaka nyumba iuzwe, kila mrithi achukue fungu lake, naye ahamie shambani kwake Maramba. Mnunuzi alikuwepo. Saini zote zilipatikana isipokuwa ya Fakhria, kwa kuwa nyumba ikiuzwa mama yake hana pengine pa kukaa. Tangu Idi, baina yake na ami yake hapakuwa na maneno zaidi ya shikamoo na marahaba.

Mwanzoni Fakhria hakumsikiliza mama. Aliyebadilisha kitu ni yeye, kwa hiyo kosa lilikuwa kwenye alichokibadilisha. Aliunganisha simu yake, ambayo waifai yake ilikufa zamani, na kompyuta kwa waya wa kuchajia, akatumia bando lake kupakua programu ya kuendeshea kadi ya waifai, akaiweka, akazima, akawasha. Mitandao ya jirani ikaonekana vizuri zaidi. Wa kwao, wapi. Kufika Alhamisi jioni alikuwa naye anasema, "Amenifungia," na alilisema kwa uhakika ambao asingemruhusu mwanafunzi kuwa nao bila kuonyesha njia.

Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, Bi Bayan alikuwa mkekani akitazama mapishi ya halwa kwenye simu.

"Mama, hilo bando ulinunua lini?"

"Bando gani? Waifai ya ami yako hii."

"Ya Ami Mohsin? Inashika?"

"Haijaacha kushika."

"Na siku zote hizi unaniambia ametufungia?"

"Nilisema amekufungia wewe. Mimi nimemkosea nini?"

Fakhria aliichukua simu, halwa ikakatika katikati ya kukorogwa. Rauta haikuwa na orodha ya watu wazuri na wabaya; na hata kama ingemfungia, jina la mtandao lingeonekana. Simu ilionyesha kwamba mtandao unarushwa chaneli ya kumi na tatu, kama stesheni kwenye redio. Alirudi kwenye kompyuta, akaiuliza kadi yake inasikia chaneli zipi. Ikajibu: moja hadi kumi na moja. Ilikuwa kompyuta ya mtumba kutoka Marekani, ambako kadi hufungwa kiwandani zisivuke hapo. Alijaribu kuiambia kuwa sasa iko Tanzania. Haikukubali.

Kwa hiyo kosa halikuwa la Linux. Wiki hiyo vilibadilika vitu viwili, yeye akajua kimoja. Na neno la siri la kubadilishia mipangilio ya rauta alikuwa nalo Ami Mohsin peke yake.

Alipanda ngazi.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba. Umekuja kutia saini?"

"Hapana. Rauta ilibadilishwa chaneli?"

"Jumatatu. Fundi Sele alikuja. Mama Hisham akizungumza na mwanawe Maskati sauti inakatika. Fundi akasema majirani wamejazana, akaipeleka mwisho kabisa, kwenye utulivu. Kwani vipi?"

Fakhria alieleza: kadi, chaneli, usaili wa kesho. Ami Mohsin alisikiliza akiwa ameshika kikombe cha kahawa bila kunywa.

"Kazi yenyewe iko wapi? Dar?"

Angeweza kujibu ndiyo, na usingekuwa uongo mtupu.

"Ofisi iko Dar. Kazi nitaifanyia hapa chini."

"Ahaa. Kwa hiyo ukiipata huondoki. Na usipoondoka hutatia saini."

"Sitatia."

"Na unataka nikusaidie kuipata."

"Nataka chaneli ya kumi na moja."

Mama Hisham aliangua kicheko jikoni. "Mtoto huyu hajui hata kubembeleza! Baba yake mtupu!"

"Nikikataa?" aliuliza Ami Mohsin.

"Sitafanya usaili."

"Na utanitangaza Tanga nzima kwamba nimekufungia."

"Hilo nilikwisha kulisema, kwa mama tu. Nilikosea. Nitasema rauta iko kwenye chaneli ambayo kadi yangu haisikii, na mwenye neno la siri amekataa."

"Ala! Hiyo mbaya zaidi." Akaweka kikombe chini. "Hiyo watu wataiamini."

Alimtajia neno la siri huku akitazama dirishani. Kumi na moja pia ilikuwa na watu, lakini wachache. Fakhria alikwisha kupima kabla ya kupanda. Alibadilisha, kisha akasimama akimsubiri Mama Hisham apige Maskati. Hisham aliitika, wakazungumza habari za joto na za mjukuu anayeota meno, mpaka Ami Mohsin akasema inatosha, sauti haijakatika hata mara moja.

"Ahsante, Ami."

"Usinishukuru. Mnunuzi nitamwambia nini?"

"Mwambie asubiri majibu."

Jumamosi alifunga mlango wa chumba, simu akamwachia mama, kamera akaiacha wazi. Mtandao haukuyumba. Maswali mawili yalimshinda, naye aliyajua ni yapi.

Majibu yalikuja Jumanne: amepata. Alipanda kumwambia ami yake mwenyewe, kabla hajayasikia kwa mtu mwingine. Ami Mohsin aliisoma barua kwenye simu ya Fakhria, polepole, hadi mwisho. Kisha akatoa simu yake, akampigia mnunuzi hapo hapo, akamwambia nyumba haiuzwi mwaka huu, akakata kabla hajaulizwa sababu.