Karoseri ya Lubarika

Bomu lilipoanguka Kasenga, mtaa wa Uvira, katika vita ya kwanza, ile ya 1996, ukuta wa garaji uliiangukia Kokisineli ya Antoine. Ile Volkswagen ndogo yenye mgongo wa kobe ikalala bapa kama mkebe wa sardini uliokanyagwa. Antoine hakulia. Siku chache kabla alikuwa ameng'oa mota, akaipaka grisi, akaifunga turubai na kuizika katika banda la mbuzi, maana askari walikuwa wanachukua kila gari linalotembea. Kisha akavuka ziwa na watoto wake, na huko ng'ambo, kambini, kipindupindu kikamchukua.

Watoto walirudi wawili. Georgette alikuwa amejifunza kulehemu kwa baba yake tangu akiwa msichana wa shule. Modeste, mdogo wake, alijua kila kitu kinachozunguka. Walisimamisha ukuta upya, na vita ya pili iliwakuta wakitengeneza baiskeli na masufuria, kwa kuwa magari hayakuwepo tena.

“Tufukue mota, tuifunge kwenye kinu cha kusaga,” Modeste alisema asubuhi moja. “Wamama wa hapa wanatwanga mihogo mpaka mikono inatoka malengelenge.”

“Kinu kitakaa pale pale,” Georgette akajibu. “Minye nataka kitu cha kutembea. Mugonjwa wa Kasenga akizidiwa, anabebwa na nani?”

“Sasa gari iko wapi, dada? Mota iko. Shasi iko chini ya matofali. Karoseri iko wapi?”

Hilo lilikuwa kweli. Shasi, ile sakafu ya chuma inayobeba magurudumu na mota, ilikuwa imepona kidogo, lakini bila karoseri ya kuifunika ilikuwa kitanda tu. Georgette akasema itapatikana. Alilisema kama mtu anayesema mvua itanyesha, na tangu siku hiyo akawa anauliza kila msafiri.

Jibu lilikuja na Célestine, mkunga aliyezoea kwenda bondeni Ruzizi kununua mpunga. “Lubarika nimeona moja,” alisema. “Ya buluu. Kuku njo wanalala ndani.”

Wakaenda kwa baiskeli, dada na mdogo wake, wakapitia mashamba ya mpunga mpaka nyumbani kwa mzee Niyonzima. Kokisineli ilikuwa nyuma ya nyumba juu ya mawe, bila magurudumu, bila mota. Mwagronomi mmoja, mtaalamu wa kilimo, aliiacha alipokimbia vita. Georgette aliinama, akagonga paa, akagonga milango, akasikiliza. Chini palikuwa pameoza kwa mavi ya kuku. Juu palikuwa pazima.

“Amahoro, mama,” akamsalimia mke wa mzee, Irambona, aliyekuwa amesimama na ungo mkononi. “Tumekuja juu ya hii karoseri.”

“Amahoro. Hii haiendi,” Irambona akasema. “Kicheche alinimalizia kuku miaka yote. Tangu walale humu, hajawahi kugusa hata mmoja. Utanipa nini kinachomshinda kicheche?”

Mzee Niyonzima akacheka, akasema yeye hana neno; kuku ni wa mke wake.

Georgette hakubembeleza. Alirudi Uvira, akakata milango na paa la ile Kokisineli iliyobondwa, akanyoosha bati kwa nyundo, akapakia chupa za gesi ya kulehemu kwenye lori la Bonaventure, dereva aliyekuwa akibeba mihogo. Akakaa Lubarika mpaka banda jipya likasimama: miguu mirefu ya chuma, mlango wenye komeo, dirisha la kushusha na kupandisha kwa mkono. Irambona alilishusha, akalipandisha, akalishusha tena.

“Sasa hata minye naweza kulala humu,” akasema. “Chukua ile ya zamani. Lakini sikiliza, mwanangu. Ukifika bariyeri, askari wataona gari. Wataishusha. Pita na kuku ndani.”

“Na kuku watarudi namna gani?”

“Nitawarudisha mwenyewe. Unafikiri nitakuachia kuku wangu?”

Basi karoseri ilipandishwa juu ya magunia ya Bonaventure, kuku wakiwa wamejaa humo ndani, na Irambona akaketi mahali pa dereva, bila usukani. Kwenye bariyeri ya barabarani askari akapanda juu, bunduki begani.

“Hii gari ya nani?”

“Gari gani?” Irambona akamtolea kichwa dirishani. “Weye uliona wapi gari inataga mayai?”

Askari akafungua mlango. Jogoo akamrukia kifuani, na wenzake chini wakaangua kicheko. Irambona akaingiza mkono chini ya kiti, akatoa mayai, akampa mengine yeye, mengine wenzake. Kamba ya bariyeri ikashushwa.

Kazi yenyewe ilianza hapo. Georgette alikata mbavu za chini zilizooza, akatengeneza nyingine kwa bati la pipa la mazuti, mafuta ya dizeli. Mpira wa kuzuia maji kati ya karoseri na shasi aliukata kwenye tairi ya ndani ya lori. Lakini siku waliyoita wanaume wa mtaa waje kuinua karoseri na kuiweka juu ya shasi, haikukaa. Upande wa kulia buloni, zile bolti za kufungia, ziliingia zote; upande wa kushoto matundu yalipishana kwa upana wa kidole.

Wanaume wakaondoka. Modeste akaketi juu ya tairi. “Mwaka wake ni mwingine. Haziendani. Kinu, dada.”

Georgette naye aliketi. Alikuwa amechoka, na kwa mara ya kwanza aliona namna mota ile ingekaa vizuri juu ya kinu. Kisha akanyanyuka, akachukua kamba, akaivuta juu ya shasi kutoka pembe mpaka pembe, akaweka fundo, akaivuta kwenye pembe nyingine mbili. Fundo halikufika.

“Karoseri ni nzima,” akasema. “Shasi njo imepinda. Ukuta uliipinda, sisi hatukuiona.”

Modeste akaivuta kamba mwenyewe, mara mbili. Halafu akasema, “Kalundu wako na palani.”

Palani ni ule mnyororo wa kuvutia mizigo mizito bandarini. Wapakizi wa Kalundu waliwacheka walipofika wakisukuma shasi juu ya magurudumu yake, bila kitu juu, lakini hapakuwa na meli siku hiyo na watu walikuwa na mikono. Upande mmoja ukafungwa kwenye nguzo ya gati, upande mwingine kwenye mnyororo. Georgette akapasha chuma moto mpaka kikawa chekundu. “Vuta! Pole pole! Simama!” Chuma kikalia. Akapima kwa kamba. “Tena kidogo!” Mara ya mwisho fundo likafika, na wapakizi wakapiga kelele kana kwamba wao ndio wenye gari.

Safari hii karoseri ilishuka juu ya shasi kama kifuniko juu ya chungu chake. Modeste alikwenda mwenyewe kufukua mota. Aliiosha, akabadilisha alichoweza kubadilisha, na ilipowaka kwa ule mlio wake wa kupayuka, majirani walitoka nje. Wazee waliutambua. “Mota ya Antoine,” walisema. Georgette aliingia nyuma ya garaji, akalia huko peke yake, kisha akatoka akauliza rangi iko wapi.

Mwaka 2002 mapigano yaliingia mjini kabisa. Watu walikimbilia kaskazini na magodoro kichwani. Providence, mke wa fundi cherehani, alishikwa na uchungu asubuhi hiyo hiyo. Georgette akamlaza kiti cha nyuma, Célestine akapiga magoti kando yake, wakaelekea kituo cha afya upande wa Kiliba. Kwenye daraja la Kavimvira ofisa mmoja akasimama katikati ya barabara.

“Shuka. Tunaichukua gari.”

Georgette hakuzima mota. “Chukua, afande. Lakini mutoto iko njiani. Weye njo utamupokea?”

Providence akapiga ukelele. Ofisa akachungulia, akarudi nyuma hatua moja.

“Niko na majeruhi,” akasema, sauti imeshuka. “Niko na watu wanakufa pale.”

“Basi nitarudi kuwachukua. Minye nimeijenga hii gari, minye njo naiendesha. Funguo haitoki mukononi.”

“Utarudi?”

“Nimesema.”

Akampisha. Providence alijifungua mtoto wa kike mara tu walipofika mlangoni pa kituo. Modeste, aliyekuwa amefika kwa baiskeli na mtungi wa petroli, alimshika dada yake mkono.

“Usirudi. Watakuua, ama watabakia na gari.”

“Nimemwambia muntu nitarudi,” akasema Georgette, “na njiani kuko bibi wanatembea kwa magoti.” Akatia petroli, akageuza gari.

Alirudi darajani. Akabeba majeruhi wawili wa yule ofisa, na kati yao akaingiza bibi kizee na wajukuu zake, bila kumuuliza mtu. Ofisa alitazama, akampisha. Akaenda tena, akarudi tena, risasi zikisikika upande wa mlimani. Baada ya siku ile, kila upande uliposhika mji, ile gari ya buluu ilipita. Ilijulikana kuwa haikatai mgonjwa, wala haitoki bila dereva wake.

Lakini alasiri ya siku ile ya mapigano, wa mwisho aliposhushwa kituoni, Georgette alizima mota. Alitoa funguo, akamtupia Modeste.

“Endesha weye.”

“Minye? Hujawahi kunipa.”

“Endesha.”

Modeste akarekebisha kiti, akaweka gia taratibu. Kabla hawajafika kwenye mashamba ya miwa, dada yake alikuwa ameshalala, kichwa kikigonga kioo.