Pindo la Namba Kumi na Nane

Maneno hayo mama mshonaji aliyasikia dukani, kwenye foleni ya kununua vifungo. Kwamba mwaka jana, katika mbio za baiskeli za wanawake, msichana mmoja alianguka, na pini iliyoshika namba yake mgongoni ikamzama mpaka kwenye figo. Aliyesimulia hakuwepo. Alisimuliwa na wifi yake, ambaye naye hakuwepo. Hata hivyo mama alirudi nyumbani na paketi ya vifungo mkononi na ile pini kichwani.

Angekuwa mtu wa kazi nyingine labda angesahau. Lakini yeye pini anazijua. Ameishi nazo miaka ishirini na sita, amezikanyaga pekupeku, moja aliwahi kuiokota ndani ya kikombe cha chai alichokwisha kunywa nusu. Akikaa kwenye cherehani anaona figo. Akikata kitambaa anaona figo.

Na binti yake, kitindamimba wake, mwembamba hata wenzake wakamwita Kijiti, alikuwa amebakiza mbio moja tu katika mashindano hayo hayo ya mwaka huu.

Kijiti huchanganya rangi za nyumba katika duka la vifaa vya ujenzi, na miezi sita kila mwaka, Jumapili ya mwisho wa mwezi, hupanda baiskeli ya kuazima kwenda kushindana. Ijumaa ile jioni alimwaga vifungo vyote kwenye meza ya kukatia.

"Njoo nikuonyeshe, mama, labda utapata usingizi. Wa kwanza anapewa alama kumi na tano." Akasogeza vifungo kumi na tano. "Wa pili kumi na mbili, wa tatu kumi, wa nne nane, wa tano sita. Halafu tano, nne, tatu, mbili, na wa kumi anapata kimoja."

"Na wa kumi na moja?"

"Anapata jasho."

Mama akacheka bila kupenda.

"Mbio ni sita kwa mwaka," Kijiti akaendelea, "na alama zote zinajumlishwa. Mimi nina hamsini na mbili. Anayenifuata, yule muuza dawa, ana arobaini na saba. Waliobaki wako mbali."

"Kwa hiyo hata usipokuwa wa kwanza unaweza kuuchukua mwaka?"

"Naweza. Mradi nisimwache apotee machoni pangu. Anayeuchukua mwaka anapewa baiskeli mpya, mama. Ya kwake kabisa. Hii ya kuazima narudisha Jumatatu, mwenyewe anaitaka, na nisipopata nyingine nimestaafu nikiwa na miaka ishirini na miwili."

"Basi kaa nyuma nyuma, mwanangu, mahali pasipo na msukosuko. Wa kumi ana kifungo chake kimoja, si haba."

"Mama, wewe ungekuwa kocha wangu ningekuwa bado nafunga viatu."

Jumamosi mchana, Kijiti akiwa kazini, mama alichukua fulana ya mbio na ile namba, kumi na nane, iliyochapwa kwenye kitambaa kigumu kama cha bango. Kando yake kulikuwa na pini nne kwenye kikaratasi. Akazitazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekuja kumkopa. Akazifungia ndani ya mkebe, na mkebe akauweka juu ya kabati.

Kisha akakaa kwenye cherehani kuishona namba.

Sasa, mshonaji ana tabia zake. Kitambaa chenye kingo wazi kinamwasha mwili. Akaona namba imezidi upana wa mgongo wa Kijiti, kingo zake kali, zinaweza kumkwaruza. Akazikunja na kukunga pindo pande zote mbili, vidole viwili viwili, mshono wa kupitia mara mbili. Ile moja ya kumi na nane ilibaki ukingoni kama uzi mweusi, lakini pale mezani ilionekana, tena vizuri tu. Akaipiga pasi fulana, akaikunja, na usiku huo akalala usingizi wa mtoto mchanga.

Asubuhi ya mbio alimvalisha Kijiti mwenyewe, akamfunga koti juu.

"Umeweka namba, mama?"

"Imekaa hiyo. Hata kimbunga hakiing'oi."

Njia ilizunguka maghala na viwanda vilivyofungwa Jumapili, mizunguko kumi. Wanawake ishirini na wawili walikuwa kwenye mstari: mpishi wa hoteli, wanafunzi wawili wa chuo, muuza dawa aliyenyoa kipara, na nesi mmoja wa miaka arobaini na saba, namba nane, aliyejiita mwenyewe Konokono. Konokono alikuwa na miaka sita katika mbio hizi na hajawahi kupata alama hata moja. Akamwona mama amesimama kwenye kamba ya kuzuia watazamaji, roho juu, akamsogelea na baiskeli yake.

"Mama Kijiti, vipi, mbona umekunja uso? Wanaokimbia ni sisi."

"Naogopa pini, dada. Si yule msichana wa mwaka jana, wa figo?"

Konokono akafikiri kidogo, kisha akacheka mpaka akashika usukani kwa mikono miwili. "Mwaka jana? Ni mimi huyo. Nilijichoma kidole nikijibandika namba, nikaomba plasta. Figo wameitia wao. Wakiendelea kutia chumvi hivyo, mwakani nitakuwa marehemu."

Mama akaona aibu, halafu akaona raha, moyo ukawa mwepesi. Koti likavuliwa, filimbi ikapulizwa, kundi likaondoka kwa sauti kama ya kitambaa kipya kikipasuliwa.

Hakuwahi kuona kitu kama hicho. Kila walipopita, upepo wao ulimpiga gauni. Alianza na "taratibu, mwanangu", mzunguko wa nne akanyamaza, mzunguko wa saba akawa anapiga makofi, na wa tisa akajikuta anapiga kelele "mfuate huyo kipara, mfuate", huku mzee mmoja pembeni yake akiziba sikio. Muuza dawa alikuwa mbele na Kijiti hakumwachia. Kwenye kona ya mwisho wakatokea watano wameinama, migongo imepindika kama ndoana. Mpishi wa kwanza, muuza dawa wa pili, mwanafunzi mmoja wa tatu, Kijiti wa nne.

Mama alihesabu kwa vidole, maana vifungo vilikuwa nyumbani. Hamsini na mbili na nane, sitini. Arobaini na saba na kumi na mbili, hamsini na tisa. Akahesabu tena. Alama moja. Akamkumbatia yule mzee asiyemjua.

Kisha mwamuzi mkuu akasoma matokeo. Siku za kazi huyu bwana ni fundi miwani, na alisoma polepole, kwa kujiamini. "Wa nne, namba nane."

Shangwe zikalipuka. Mpishi na wanafunzi wakamnyanyua Konokono, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amefika, hajapata hata pumzi ya kuuliza kuna nini. Namba kumi na nane haikutajwa popote.

"Jamani nishusheni," Konokono akawa anasema huko juu. "Wa nne wa wapi? Mimi mizunguko miwili ya mwisho nilikuwa peke yangu, naongea na baiskeli."

Kijiti alisimama kama kamwagiwa maji baridi. Akageuka kumtazama mama yake, na alipogeuka tena kumtafuta mwamuzi, mama akauona mgongo. Fulana ilikuwa imevutika, pindo limejikunja ndani zaidi, na ile moja imemezwa yote. Ilibaki nane peke yake, nono, katikati kabisa.

Angeweza kunyamaza. Nani angejua ni yeye? Lakini kwenye ubao wa matangazo waliandika kwamba malalamiko mwisho dakika kumi na tano baada ya matokeo, na kumi na tano za mtu mwenye hofu ni kama mbili. Akapiga moyo konde, akavuka kamba.

"Baba, kosa ni langu. Nimeikunga pindo."

"Umeikunga nini?"

"Namba. Mimi ndiye mama yake. Niliogopa pini."

Mwamuzi akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Mama, mimi napima watu macho. Nimeona nane."

"Umeona vizuri. Nane ndiyo iliyokuwepo. Geuka, mwanangu."

Akatoa mkasi mdogo kwenye mkoba, akashika ncha ya uzi na kuanza kufumua. Watu wakasogea. Mshono wa kupitia mara mbili haufumuki haraka. Alikata, akavuta, akakata tena. Pindo likafunguka, na moja ikatokea, nyeusi, nzima, ina alama ya pasi.

Msaidizi wa mwamuzi akapekua karatasi. "Mzee, namba nane nimeiandika mara mbili. Ya nne, na ya ishirini na moja. Hii ya pili nikaifuta, nikajua nimekosea mimi."

"Ishirini na moja?" Konokono akauliza. "Kuna niliyemshinda?"

"Mmoja."

"Basi ninyanyueni tena."

Wakamnyanyua tena, na safari hii alitaka.

Mwamuzi akafungua kitabu cha kanuni. Anayekunja namba, mara ya kwanza anaonywa. Mara ya pili anakatwa alama tano. Akamwonya Kijiti kwa sauti ya kazi, akamrudishia nafasi yake ya nne, kisha akainama kwenye ule mgongo, akapitisha kidole. "Mshono huu, mama, ni wa duka gani?"

"Ni wangu."

"Nina suruali tatu zinazotaka pindo."

Kijiti hakusubiri suruali. Alimkumbatia mama yake kwa nguvu, jasho na vumbi na uzi vikiwaganda wote wawili. "Mama, wewe," akasema, "wewe siku moja utaniua," na alikuwa anacheka. Nyuma yake walikuwa wanaitoa baiskeli mpya kwenye gari, na muuza dawa, amekosa kwa alama moja, alikuwa wa kwanza kuipiga kengele yake.

Mama mwenye binti wa mbio na aepuke haya:

Usiguse namba. Usiikate, usiipunguze, usiikunge.

Usiibandike katikati ya mgongo kwa kuwa panapendeza. Uliza mwamuzi anasimama upande gani.

Usimfungie mtoto koti kabla hajaonyesha mgongo wake kwa mwenzake.

Usiondoke kabla ya matokeo kubandikwa, na usikae na kosa lako zaidi ya dakika kumi na tano.

Usihesabu alama kwa vidole.

Usimkumbatie mtu usiyemjua mpaka matokeo yasomwe.