Gunia la Muhogo Kwenye Maporomoko

Kuyafikia maporomoko yale hakuna ugumu wowote. Ukishaiacha barabara nyuma ya mtaa wa Tshopo na kuingia msituni, hata mwenye viatu vya kanisani anafika. Mama alilijua hilo kunizidi. Huko ndiko alikoloweka mihogo ya chikwanga, ule mkate wetu wa muhogo, miaka yote aliyotulea. Lakini tangu aanguke sokoni na kuvunjika nyonga, alikataa kutoka kitandani. Mfupa ulikuwa umeshaunga. Daktari alimwambia wazi kwamba asipotembea sasa, hatatembea tena, naye Mama akamgeuzia mgongo.

Mimi hupiga picha za harusi. Nikajisemea, nitampigia picha ya maji yake, yapendeze mpaka atamani kwenda mwenyewe.

Asubuhi nikasimamisha kamera ukingoni. Maji yalishuka meupe, jua likipenya majani, na katikati kabisa ya uzuri huo, gunia! Gunia la nailoni la mtu aliyeloweka muhogo, limefungwa kwenye jiwe. Nikasogea kushoto, limo. Nikasogea kulia, bado limo. Nilitamani kulivuta pembeni, lakini kwetu muhogo wa mtu ukiwa majini hauguswi. Ukiharibika, utatajwa wewe mpaka unazeeka. Nikapiga hivyo hivyo, nimenuna.

Nyumbani nikamwekea kamera mbele ya uso.

— Mama, angalia mayi yako.

Akatazama bila hamu. Kisha akaivuta karibu.

— Nani ameweka muhogo mu fasi yangu ya kuloweka?

— Sijue, Mama. Bon, mayi unaiona?

— Wacha mayi, Joëlle! Angalia kamba. Iko legelege! Mvua ikinyesha, itabeba yote. Bamama ya sasa hawajue kufunga kamba?

— Basi niende niifunge.

— Weye? Uguse muhogo ya watu? Ile fasi ni yangu, ni miye tu naweza. Leta kikwembe yangu nijifunge.

Akashusha miguu sakafuni. Nikamletea upesi, nikiogopa kwamba neno langu moja lingemrudisha kitandani. Akashika ukuta, akainuka, huku akimlaani mwenye gunia ambaye hata hamjui.

Pikipiki ilituacha pale njia inapoanza. Tukaenda polepole, yeye ameegemea bega langu, akisimama kupumua na kugomba. Machozi yalinitoka njia nzima na sikuyafuta. Nilikuwa na furaha mno.

Kwenye maji alikaa juu ya jiwe, akaifungua ile kamba na kuikaza upya kwa nguvu zake zote. Nikainua kamera.

— Ngoja kwanza nifiche hii gunia, akasema.

— Hapana, Mama. Ibaki.

— Alors, mupiga foto gani anapiga gunia?

Nikampiga hivyo, akicheka, mikono imelowa mpaka viwikoni. Tulipofika tena barabarani aligeuka kuangalia tulikotoka.

— Kesho tutarudi, akasema. Ile kamba siiamini.

Fundo alikuwa amelifunga yeye mwenyewe.