Cheti cha Msitu wa Kolo

Kila asubuhi, kabla ya kufungua dirisha la masjala ya mahakama mjini Dodoma, karani Violeth alimwaga mafuta yaliyojaa kwenye beseni chini ya rafu ya tatu, akalifuta kwa gazeti kuukuu na kulirudisha. Jalada moja lilikuwa linavuja tangu Machi. Yeye alilalamikia harufu tu.

Lilikuwa jalada la kesi ya Bi Batuli, mkulima wa alizeti kutoka Kolo. Kampuni ya mafuta ya Tambarare ilichimba msituni juu ya kijiji chake, ikaacha mashimo ya tope jeusi. Ilipobanwa isafishe, iliyafukia kwa udongo iliouzoa mashambani mwa watu bila hodi, ikapanda nyasi, ikapiga picha. Ikapewa cheti kwamba msitu umesafishwa. Mpaka leo alizeti huota mle msituni, na watu wa Kolo wanajua ni ya shamba la nani.

Bi Batuli alichota maji ya chemchemi itokayo msituni humo, meusi juu, akayaleta Dodoma kuishtaki kampuni. Kosa lake ni kuyabeba kwenye dumu lililokuwa la mafuta ya kupikia, kama Kolo nzima ibebavyo maji. Kampuni ikasema mafuta yalikuwamo tangu mwanzo. Aliyekuja kushtaki akashtakiwa yeye, kwa udanganyifu. Akitiwa hatiani, miaka mitano jela.

Siku ya hukumu alipita masjala kwanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Bado linavuja?"

"Leo limejaza beseni kabla ya chai."

Mahakamani, Anyitike, wakili wa kampuni, aliinua lile dumu. "Mheshimiwa, haya ni mafuta ya alizeti. Yake mwenyewe."

"Basi yakaangie maandazi, mwanangu," Bi Batuli alisema. "Ukimaliza kula mawili, jela nitakwenda kwa miguu."

Watu wakacheka. Hakimu Wambura akagonga meza, akaagiza jalada. Violeth alilileta juu ya sinia. Hakimu alifunua karatasi moja moja. Maelezo ya mashahidi, makavu. Picha, kavu. Alipofika kwenye cheti, mafuta mazito meusi yalikuwa yanatoka kwenye muhuri, taratibu, yakidondoka kwenye sinia.

"Karani, hiki kimekaa wapi?"

"Masjala, mheshimiwa. Kwa kufuli. Kinavuja tangu siku kampuni ilipokileta."

"Mshtakiwa amewahi kukigusa?"

"Hata siku moja."

Anyitike, aliyekuwa ameinamia sinia kuchungulia, aliomba kitambaa cha kufutia mafuta kwenye mkono wa koti.

Hakimu alisema mafuta yaleyale yanatoka mahali ambapo dumu la mshtakiwa halijawahi kufika, kwa hiyo shtaka lina shaka. Akamwachia huru. Kuhusu cheti, hakuna aliyeomba kifutwe katika kesi hii, basi kinabaki halali.

Bi Batuli alikaa kwenye ngazi za nje, akavua viatu, akanyoosha vidole juani. Halafu akampigia simu binti yake.

"Joha, bandika ugali. Narudi."

Huko Kolo, Joha alipiga kigelegele hadi simu ikakwaruza. Kisha akauliza, "Na maji, mama? Wamesemaje?"

"Kwa karatasi yao, ni safi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo usiyapikie. Teka ya mvua."

Jioni Violeth alirudisha jalada rafu ya tatu. Aliliondoa beseni, akaweka ndoo ya lita ishirini.