Kata ya Bwana Pinto

Methusela hakuwa na kazi moja. Alikuwa na kazi zote. Watu wa picha za sinema wakifika Tanga, wawe wa kupiga harusi ya tajiri wa Raskazone au wa kuwafundisha watu kuchemsha maji ya kunywa, yeye ndiye aliyetafutwa kwanza, kwa kuwa Mungu alimjalia sauti. Picha ikiisha, kazi nayo imekwisha, naye hurudi nyumbani kungoja wengine. Muheza aliwahi kushinda kutwa akiwapigia kelele wachuma machungwa watabasamu, na aliyetabasamu vizuri kuliko wote akawa hana meno ya mbele. Ndiyo kazi yenyewe: mkubwa wa picha akinong'ona, Methusela hulichukua neno, akalitia katika bomba la bati, akalifikisha mwisho wa shamba.

Mwaka ule wa hamsini na nne alichukuliwa na Bwana Pinto, Mgoa mfupi mwenye subira fupi zaidi, kwenda kupiga picha katika shamba la mkonge nje ya Pongwe. Picha ilikuwa ya kuwaonya wakata mkonge wasizubae kazini. Alitakiwa mtu wa kuigiza ameumia, na Methusela, bila kufikiri mara mbili, akamtoa shemeji yake Tadeo, mume wa dada yake Kristina, aliyekuwa mkata mkonge wa shamba hilohilo. Tadeo alivaa shati lake la kanisani. Ikabidi avuliwe.

Asubuhi ilianza kwa kioja. Wakata mkonge walipangwa mstari, na Massoud, mpiga picha kutoka Pemba, akaizungusha kamera ufunguo wake kama mtu atiaye saa, ikaanza kunguruma. Watu wakakata mkonge. Bwana Pinto alipotosheka akasema, "Kata!" maana ndivyo wasemavyo watu wa picha wakitaka kila kitu kisimame. Methusela akanguruma bombani: "Kataaa!"

Watu wakazidi kukata.

"Kata! Kata!"

Hapo ndipo majani yaliporuka kwelikweli. Waliona wanahimizwa, na hakuna aliyetaka kuonekana mvivu mbele ya wageni. Bwana Pinto akaivua kofia akaipiga chini.

"Watu gani hawa? Naambia kata, hawaachi!"

"Bwana, unawaambia kata, nao wanakata," alisema Methusela.

Massoud alicheka hata akaegemea gari. "Yakhe, wamgombeza mtu kwa kukutii!"

Methusela akawakusanya. "Ndugu zangu, kata ya watu wa picha si kata ya mkonge. Mkisikia kata, acheni." Wakacheka, wakaelewa, na tangu hapo kazi ikaenda kama inavyotakiwa.

Alasiri ikafika zamu ya Tadeo. Mtu aliyechaguliwa kushika panga karibu naye alikuwa mwembamba, na Bwana Pinto hakumpenda. Alitaka mtu wa kujaza picha. Macho yake yakamwangukia Mzee Abrahamu, aliyerudi wakati ule ule kutoka kiwandani alikoshinda tangu alfajiri, mabega yake mapana kama mlango wa kanisa.

"Huyo!" alisema Bwana Pinto.

Methusela akamwendea. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mnataka nini kwangu?"

Akaelezwa sehemu yake tu. Mzee Abrahamu ainue panga juu ya jani, huku amegeuza uso akipiga soga na mtu wa pembeni. Yaliyobaki hakuambiwa: nyuma yake Tadeo aje ainame, apeleke mkono shinani mwa jani lile lile kuokota kamba yake. Hapo picha isimamishwe. Halafu Tadeo apakwe sharubati nyekundu mkononi, alie, na walimwengu wajifunze. Panga liwe la kweli, alisisitiza Bwana Pinto, kwa sababu la mbao haling'ai.

"Mwambie akishainua asubiri neno langu."

"Mzee, ukishainua panga, kaa hivyo hivyo, usubiri neno."

"Neno gani?"

"Utalisikia tu, mzee."

Kuuliza si ujinga, lakini jua lilikuwa linakimbia na Bwana Pinto anakimbizana nalo, basi maneno yakaishia hapo.

Kamera ikanguruma. Mzee Abrahamu akainua panga, akageuza uso, akaanza kumpa jirani habari za mbuzi wake. Tadeo akaja kwa nyuma kama alivyofundishwa, akainama, akautia mkono shinani mwa jani, chini kabisa ya panga. Methusela alikuwa tayari ameweka bomba mdomoni na kuvuta pumzi. Bwana Pinto akanong'ona, "Kata."

Ndipo Methusela alipoona kwamba mzee amenyamaza habari za mbuzi na kutega sikio. Alikuwa analingoja neno. Na asubuhi, wenzake walipoelezwa kata ya watu wa picha ni kata gani, huyu alikuwa kiwandani.

Moyo ulimpasuka. Katika maisha yake Methusela hakupata kuogopa kama alivyoogopa saa ile, na pumzi alikuwa ameshaijaza kifuani, ilikuwa haina budi kutoka. Ikatoka:

"Nyokaaa!"

Mzee Abrahamu akalirusha panga mbali mbele yake na kuruka juu kama kijana. Tadeo alionekana tena akiwa barabarani. Massoud aliitelekeza kamera ikinguruma peke yake, na Bwana Pinto, haijulikani kwa njia gani, alikuwa amesimama juu ya boneti la gari.

"Yuko wapi?" aliuliza kutoka huko juu.

"Hakuna nyoka, Bwana."

Bwana Pinto akamwaga matusi ya Kigoa, ya Kiingereza na mawili ya Kitanga. Methusela akaliweka bomba chini. Akamwendea mzee.

"Mzee, niwie radhi. Ungesikia nasema kata, ungefanyaje?"

Mzee Abrahamu alimtazama kana kwamba ameulizwa jina la mama yake. "Ningekata. Si ndilo neno nililokuwa nikilingoja?"

Matusi yakakoma. Bwana Pinto akateremka garini taratibu, akalitazama jani, akalitazama panga. Mzee Abrahamu naye akaelewa, akakaa chini palepale katikati ya mkonge. "Mungu wangu," alisema. "Mkono wa mtoto wa watu!" Tadeo akauangalia mkono wake mbele na nyuma, kama aliyeazimwa. Methusela akamshika kifundo cha mkono na asimwachie, akihema, akicheka, akimshukuru Mungu kwa sauti ileile ya bombani. Mungu si Athumani.

Massoud akaizibua chupa ya sharubati, akapiga funda kubwa. "Alhamdulillahi. Damu ya kunywa hii, si ya kumwaga." Akampa mzee, mzee akampa Tadeo, na chupa ikafika mpaka kwa Bwana Pinto, aliyekunywa kuliko wote.

"Kesho," alisema huku akijifuta midomo, "tunasema basi."

Magharibi Methusela alikuwa kwa Kristina, amekaa mkekani na shemeji yake. Njiani walikuwa wamekubaliana kutosema kitu, maana Kristina angewafuata wote wawili na mwiko. Ukaja ugali wa moto na kisamvu. Tadeo akanawa, akamega tonge, akalifinyanga, akachovya, akala. Akamega jingine. Methusela alisahau sahani, akabaki kuvitazama vile vidole vikifanya kazi yao ya kila siku.

"Kaka, mbona huli?" aliuliza Kristina. "Au unamhesabia mume wangu matonge?"

Methusela akacheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha kicheko kikaisha na machozi hayakuisha.

"Mwache ale," alisema. "Mwongeze, dada. Mwongeze."