Nyasi za Kuja

Shani alikuwa ametoka kukamua, anaosha miguu kwenye beseni, alipoona nyasi zimeota kisiginoni mwake. Alizivuta, zikauma, akaziacha. Jirani yao, mama Restuta, alikuwa nazo tangu jana kwenye kiwiko, na alikuwa anatwanga ulezi kama kawaida. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza upande wa Ndalambo, na kitongoji kizima kilikuwa kinaota nyasi mwilini.

Jastin, mwenyekiti wa kitongoji, aliona mgogoro wa ardhi kati ya wenyeji na wafugaji waliohamia sasa utaisha kirahisi. Alitangaza kwamba atakayeota nyasi za kuja, zisizo za asili ya pale, aondoke na mifugo yake kabla ya kupanda. Kila mtu alijua anasemwa Mayala, baba yake Shani, Msukuma aliyehamia pale kabla binti huyo hajazaliwa.

Waezekaji ndio waliokagua, maana wao huzijua nyasi kwa vidole. Za kuja zina masuke mawili yaliyopanuka kama pembe, mbegu bapa, hazina ndevu. Za pale, zile za kuezekea, zina ndevu ndefu za kahawia, na zikidondoshewa maji hujisokota zenyewe.

Walidondosha maji kwenye kisigino cha Shani. Ndevu zikajisokota. Za Mayala nazo zikajisokota.

"Na wewe vua kofia, mwenyekiti," mama Restuta alisema.

Jastin akavua. Utosini palikuwa na masuke mawili kama pembe. Maji yakateleza hadi shingoni. Mzee mmoja alisema hizo mbuzi wanazipenda sana.

Jastin akavaa kofia yake. Alieleza kuwa nyasi ni nyasi tu, kikao kinaangalia ukoo, na Mayala ataondoka. Waezekaji wakanawa mikono.

"Mimi siondoki," Shani alisema. Hakuwa amewahi kusema kitu mkutanoni, na waliokaa nyuma hawakumsikia.

Siku ya kuhamishwa, mgambo waliwaswaga ng'ombe hadi barabarani, Mayala akiwafuata nyuma na godoro kichwani. Shani walimkuta shambani anapanda. Mgambo mmoja, Clever, mtoto wa jirani, alimshika mkono akavuta. Akaita wenzake, wakavuta wote. Miguu ilikuwa imeshika ardhi, mizizi imeshuka mbali. Wakamwacha, wakasimama wanahema.

Shani alifukia mbegu nyingine.

"Sogea, Clever," alisema. "Umekanyaga mahindi yangu."